Birmingham, Alabama: Mji Uliopungua Huku Watu Wake Wakihamia Jirani

Mwaka 1960 makarani wa sensa walihesabu watu 340,887 ndani ya mipaka ya mji wa Birmingham, katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Mwaka 2020 walihesabu 200,733. Mtu akisoma tarakimu hizo mbili peke yake ataona mji unaokimbiwa, na hatakuwa amekosea sana, kwa sababu mitaa yenye nyumba zilizofungwa kwa mbao madirishani ipo na inaonekana. Ila akifungua ukurasa wa pili wa hesabu hiyohiyo atakuta jambo linalomkanganya. Kaunti ya Jefferson, ambayo Birmingham ndiyo makao yake makuu, ilikuwa na watu 634,864 mwaka 1960, na miaka 60 baadaye ilikuwa na watu 674,721. Jirani yake wa kusini, kaunti ya Shelby, ilipanda kutoka watu 38,037 mwaka 1970 hadi 223,024 mwaka 2020. Mji wenyewe pamoja na kaunti zinazouzunguka, ambazo kiuchumi huhesabiwa kuwa eneo moja, zina watu zaidi ya milioni 1.1.

Kwa hiyo mji umepoteza wakazi zaidi ya laki moja na elfu arobaini huku eneo linalouzunguka likiendelea kujaa. Kitendawili hiki hakiwezi kuteguliwa kwa kuangalia viwanda peke yake, ingawa ndivyo kinavyoelezwa mara nyingi: chuma kilikufa, mji ukafa nacho. Chuma kina sehemu yake, lakini sehemu kubwa zaidi imo katika mistari ya mipaka, yaani nani aliichora, lini, na kodi ya nani inaishia upande upi.

Mstari muhimu kuliko yote ni mlima. Ukitoka katikati ya Birmingham kwa gari kuelekea kusini, barabara kuu haipandi Red Mountain wala haipiti chini yake, bali inapita ndani ya mfereji mpana uliochongwa kwa kuukata mlima wima kutoka juu hadi chini. Kuta za pande zote mbili zimeacha tabaka za miamba wazi, zimelala mshazari kama kurasa za kitabu kilichoegemezwa, na kati ya zile za kijivu na za kahawia kuna tabaka moja jekundu la kutu. Hilo ndilo tabaka la madini ya chuma lililosababisha mji huu kuwapo. Ukiwa kaskazini ya mkato huo uko Birmingham. Ukiuvuka, baada ya dakika chache tu, uko Homewood na Mountain Brook, ambayo ni miji mingine kabisa, yenye mameya wao, polisi wao na shule zao. Wenyeji huita upande ule "ng'ambo ya mlima", na mtu wa Birmingham akitamka maneno hayo hana haja ya kueleza zaidi kuhusu kipato, shule au rangi ya wakaao huko.

Tuanze na jiwe lenyewe. Ili kupata chuma unahitaji vitu vitatu: madini ya chuma, makaa ya mawe ya kuchomwa mpaka yawe makaa ya koki, na mawe ya chokaa ya kuondolea takataka ndani ya tanuri. Ni nadra vitu hivyo kukutana mahali pamoja. Katika bonde la Jones, ambamo Birmingham imo, vilikutana: chuma ndani ya Red Mountain, makaa kwenye machimbo ya Warrior, na chokaa ndani ya bonde lenyewe. Mwaka 1871, miaka sita baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, kampuni ya ardhi iliyoitwa Elyton Land Company ilinunua mashamba mahali ambapo reli mbili zilitarajiwa kukutana, ikapima viwanja, ikaanza kuviuza, na ukazaliwa mji uliopewa jina la mji wa viwanda wa Uingereza ili mnunuzi asiwe na shaka juu ya kusudi lake. Miaka miwili baadaye ulikumbwa na kipindupindu na mtikiso wa fedha wa mwaka 1873 kwa pamoja, nusura ufutike. Sensa ya 1880 ilikuta watu 3,086 tu. Ile ya 1890 ikakuta 26,178, na ukuaji huo wa kushtua ndio uliouzalia jina la utani ambalo kwa Kiswahili tungesema Mji wa Mazingaombwe.

Kuna tarakimu moja ya zamani inayofaa kukumbukwa kwa ajili ya mambo ya mbele. Mwaka 1900 Birmingham ilikuwa na watu 38,415, na mwaka 1910 ilikuwa na 132,685. Ongezeko hilo halikutokana na uzazi na wageni peke yao. Kilichotokea ni kwamba mwaka 1910 mpaka ulisogezwa, na miji midogo ya jirani kama Ensley, Woodlawn na Pratt City ikamezwa kwa siku moja, pamoja na watu wake, matanuri yake na kodi zake. Aliyefurahia tarakimu za 1910 na aliyehuzunikia za 2020 walikuwa wakisoma athari ya jambo moja likielekea pande mbili tofauti.

Chuma cha Red Mountain kilikuwa na kasoro. Kilikuwa na fosforasi nyingi, kwa hiyo hakikufaa kwa njia ya kutengeneza chuma cha pua iliyotumika sana wakati ule, na mji ukabaki kwa muda mrefu ukiuza chuma ghafi cha bei nafuu na vitu vya kusubu, hasa mabomba ya maji. Kazi hiyo ya mabomba, ambayo haikuwa na sifa kubwa, ndiyo iliyodumu. American Cast Iron Pipe Company, iliyoanzishwa mwaka 1905, ingali inafanya kazi mjini humo mpaka leo. Chuma cha pua kilipopatikana hatimaye kwa njia nyingine, kampuni kubwa kuliko zote za Birmingham ilinunuliwa na U.S. Steel mwaka 1907, na kwa miaka mingi bei za chuma nchini zilipangwa kwa utaratibu uliojulikana kama "Pittsburgh na ziada", ambapo mnunuzi alilipa kana kwamba mzigo umesafirishwa kutoka Pittsburgh, kitovu cha viwanda vya chuma upande wa kaskazini, hata kama umetoka tanuri la jirani yake. Utaratibu huo ulipigwa marufuku mwaka 1924. Wanahistoria hubishana juu ya ukubwa wa madhara yake, lakini maana yake kwa mteja ilikuwa wazi: ile faida ya kuzalisha chuma kwa gharama ndogo haikumfikia, na kwa hiyo hakuwa na sababu kubwa ya kujenga kiwanda chake karibu na Birmingham.

Unafuu huo wa gharama nao ulikuwa na chanzo chake. Sehemu ya makaa ya mawe ilichimbwa na wafungwa waliokodishwa kwa makampuni na serikali ya jimbo na kaunti, wengi wao wanaume Weusi waliokamatwa kwa makosa madogo kama uzururaji. Alabama ilikuwa jimbo la mwisho Marekani kuachana na ukodishaji huo, mwaka 1928. Wengine waliolipwa walifanya kazi kwenye matanuri kama yale ya Sloss, yaliyoanza kuwaka mwaka 1882 na kuzimwa 1971, ambayo leo ni makumbusho ambapo mgeni anaweza kutembea chini ya mabomba manene yenye kutu na kusimama katika banda la mchanga ambamo chuma kilichoyeyuka kilimiminwa. Kwa wakati huo machimbo ya Red Mountain yalikuwa yakifungwa moja baada ya jingine, kwa kuwa madini bora zaidi yalikuwa yakiletwa kwa meli kutoka Venezuela. Mlima uliozaa mji ukawa hauna kazi, isipokuwa kumbeba Vulcan, sanamu ya mungu wa wahunzi wa Kirumi yenye urefu wa mita 17, iliyosubiwa kwa chuma cha hapohapo kwa ajili ya maonyesho ya St. Louis ya mwaka 1904. Vulcan amevaa aproni mbele tu. Uso wake ameuelekeza Birmingham, na makalio yake matupu yanaitazama Homewood, jambo ambalo wenyeji hawachoki kulifanyia mzaha.

Sasa turudi kwenye mpaka. Mwaka 1926 mji ulitunga sheria iliyotenga mitaa ya Weupe na mitaa ya Weusi, na sheria hiyo iliendelea kutumika mpaka mahakama za shirikisho zilipoibatilisha mwanzoni mwa miaka ya 1950. Familia Nyeusi zilizothubutu kununua nyumba upande wa pili wa mtaa zilijibiwa kwa baruti. Kati ya mwaka 1947 na 1965 kulitokea milipuko takriban 50, na kilima kimoja katika mtaa wa Smithfield kikaitwa Kilima cha Baruti. Mlipuko unaojulikana zaidi duniani ni ule wa Septemba 15, 1963 katika kanisa la Baptisti la Mtaa wa 16, uliowaua wasichana wanne, miezi michache tu baada ya watoto wa shule kuandamana kupinga ubaguzi wa rangi na kupigwa kwa maji ya mipira ya zimamoto na kushambuliwa na mbwa wa polisi. Matukio haya husimuliwa kama historia ya haki za raia, na ndivyo ilivyo, lakini yana ukurasa wa kiuchumi unaosahaulika. Kati ya mwaka 1960 na 1970 mji ulipoteza watu karibu 40,000, wengi wao Weupe, na wengi miongoni mwao hawakuhitaji kubadili kazi, maana walihama makazi tu.

Walikuwa na mahali pa kwenda. Homewood ilisajiliwa kuwa mji mwaka 1926, Mountain Brook 1942, Vestavia Hills 1950 na Hoover 1967. Mji uliokwisha kusajiliwa haumezwi kirahisi kama Ensley ilivyomezwa mwaka 1910, kwa kuwa wakazi wake wana usemi, na walipoulizwa kuhusu kuungana na Birmingham, Mountain Brook ilikataa. Sheria ya Alabama iliongeza kishawishi kimoja chenye nguvu kuliko vyote: mji wenye watu 5,000 au zaidi unaweza kuanzisha mfumo wake wa shule, ukabaki na kodi zake na kuchagua mipaka ya wanafunzi wake. Vestavia Hills ilianzisha wake mwaka 1970, wakati mahakama zilipokuwa zikishinikiza shule za kaunti zichanganye wanafunzi wa rangi zote. Jambo hili si la zamani tu. Mji mdogo wa Gardendale, kaskazini mwa kaunti, ulijaribu kujitenga kwa njia hiyohiyo, na mwaka 2018 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliuzuia kwa kuona kwamba nia ya ubaguzi wa rangi ilikuwamo.

Ni kosa, hata hivyo, kudhani kwamba waliohama ni Weupe peke yao. Birmingham ilimchagua meya wake wa kwanza Mweusi, Richard Arrington, mwaka 1979, na leo takriban wakazi saba kati ya kila kumi ni Weusi. Lakini kati ya mwaka 2000 na 2020 mji ulipoteza watu wengine zaidi ya 42,000, na safari hii waliohama wengi walikuwa familia Nyeusi za kipato cha kati, zilizokwenda Center Point, Hoover na kwingineko kutafuta yaleyale yaliyowavuta waliotangulia, yaani shule, usalama, na nyumba ambayo thamani yake haishuki. Nadhani hapa ndipo maelezo ya rangi peke yake yanapoishiwa nguvu, kwa sababu mpaka ukishachorwa na fedha zikajilimbikiza upande mmoja, humvuta kila anayeweza kuuvuka.

Uchumi wenyewe haukufa. Ulibadilisha kazi, tena ndani ya mji. Chuo cha tiba cha jimbo kilihamishiwa Birmingham mwaka 1945, na mwaka 1969 kikawa sehemu ya chuo kikuu kinachojitegemea, University of Alabama at Birmingham, ambacho watu wote hukiita UAB. Leo UAB na hospitali zake zimeenea juu ya makumi ya mitaa kusini mwa reli ya zamani, ndiyo mwajiri mkubwa kuliko wote katika jimbo zima, ikiwa na wafanyakazi zaidi ya 20,000, na mwaka 2024 mfumo wake wa afya ulinunua hospitali za St. Vincent's kwa dola milioni 450. Baada ya afya zilifuata benki. Mwanzoni mwa karne hii Birmingham ilikuwa makao makuu ya benki nne kubwa: SouthTrust, AmSouth, Compass na Regions. Ndani ya miaka mitatu tu nne zikabaki moja: SouthTrust ilikwenda kwa Wachovia ya Charlotte mwaka 2004, AmSouth ikaungana na Regions mwaka 2006, na Compass ikanunuliwa na BBVA ya Uhispania mwaka 2007. Matawi yalibaki, lakini kilichoondoka ni vyumba vya maamuzi, na pamoja navyo wanasheria, wahasibu na wachangiaji wa misaada ambao huzunguka makao makuu kama nyuki kwenye mzinga.

Tatizo la mji unaotegemea chuo na hospitali ni kwamba taasisi hizo, kwa kuwa za umma, hazilipi kodi ya majengo. Hata zingelipa, kodi ya majengo ya Alabama ni miongoni mwa zilizo chini kabisa Marekani, na kuipandisha kunahitaji idhini ya bunge la jimbo na kura ya wananchi. Kwa hiyo Birmingham inaishi kwa kodi mbili. Ya kwanza ni kodi ya mauzo, ambayo ikijumlishwa ya jimbo, ya kaunti na ya mji hufikia asilimia 10, na humwumiza zaidi maskini, kwa sababu anayekula mshahara wote dukani hukatwa juu ya mshahara wote. Ya pili ni kodi ya kazi, asilimia 1 ya mshahara wa kila anayefanya kazi ndani ya mji, hata kama analala ng'ambo ya mlima. Mji hauna uhuru mkubwa nje ya hapo. Baraza lake lilipopitisha kima cha chini cha mshahara cha dola 10.10 kwa saa, bunge la jimbo lilitunga sheria haraka mwanzoni mwa 2016 kukifuta, na kima kikabaki dola 7.25 cha shirikisho.

Mfano unaoonyesha vizuri zaidi jinsi mipaka inavyogawana faida na kuacha hasara kwa wote ni majitaka. Kwa miaka mingi miji midogo ya kaunti ya Jefferson ilikuwa na mabomba yake, yaliyochakaa, ambayo mvua kubwa ikinyesha yalifurika na kumwaga uchafu katika mto Cahaba. Wakazi walishtaki, na mwaka 1996 kaunti ilikubali mbele ya mahakama kurekebisha mfumo wote. Kazi hiyo iligharamiwa kwa hatifungani za zaidi ya dola bilioni 3. Badala ya kukopa kwa riba isiyobadilika, kaunti ilishawishiwa kuhamishia sehemu kubwa ya deni kwenye riba inayopanda na kushuka, ikifunikwa na mikataba tata ya kubadilishana riba ambayo mabenki yalipata ada kubwa kwayo. Msukosuko wa fedha wa 2008 ulipofika, kinga ikageuka mzigo na riba zikaruka. Uchunguzi ulionyesha rushwa: Larry Langford, aliyeongoza baraza la kaunti kabla ya kuwa meya wa Birmingham, alitiwa hatiani mwaka 2009, na mwaka huohuo benki ya JPMorgan ilikubali kulipa dola milioni 75 na kusamehe ada za dola milioni 647 ili kumaliza madai ya mamlaka ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa na hatifungani. Novemba 2011 kaunti iliomba kinga ya mahakama ya mufilisi, ikiwa na deni la takriban dola bilioni 4, kubwa kuliko la serikali yoyote ya mtaa nchini humo hadi mji wa Detroit ulipoipita mwaka 2013.

Mwaka huohuo wa 2011 mahakama kuu ya Alabama iliifuta kodi ya kazi ya kaunti, ambayo haikuwa ile ya mji, na kaunti ikajikuta haina fedha za kuendesha hata shughuli za kawaida. Iliwapunguza wafanyakazi. Mwishoni mwa 2012 Cooper Green, hospitali ya kaunti iliyowatibu wasio na bima, iliacha kulaza wagonjwa. Kaunti ilitoka katika ufilisi Desemba 2013 kwa makubaliano yaliyowafanya wadai wakubali hasara, na watumiaji wa majitaka wakubali bili zinazopanda kila mwaka. Bili hiyo haiulizi mtu anaishi mji gani, isipokuwa kwamba dola zilezile ni sehemu kubwa zaidi ya kipato cha mkazi wa Birmingham kuliko cha mkazi wa Mountain Brook, ambako kipato cha wastani cha kaya ni zaidi ya mara tatu.

Sensa ya 2020 pia ilikuwa ya kwanza baada ya zaidi ya karne kuikuta Birmingham si mji mkubwa kuliko yote Alabama. Huntsville, mji wa roketi ulioko kaskazini, ulikuwa na watu 215,006. Fedha za shirikisho za anga na ulinzi zimeusaidia sana, hilo halina ubishi, lakini Huntsville pia imekuwa ikimeza ardhi ya pembeni kwa miongo kadhaa, kabla miji mingine haijasajiliwa kuuzunguka na kuubana. Vitongoji vyake vipya vinahesabiwa kuwa Huntsville. Vya Birmingham vinahesabiwa kuwa Hoover, mji uliokuwa na watu 92,606 katika sensa hiyohiyo.

Mchukulie muuguzi wa UAB anayeishi Hoover. Asubuhi anapita kwenye mkato wa Red Mountain akielekea kaskazini, na mwisho wa mwezi karatasi yake ya mshahara ina mstari mmoja mdogo, asilimia 1, unaobaki Birmingham. Jioni anapita tena palepale akirudi, tabaka jekundu likiwa upande wa pili sasa. Kodi ya majengo anayolipia nyumba yake, kodi ya mafuta anayotia njiani, ya viatu anavyonunua katika maduka makubwa ya Galleria, na dawati analokalia mtoto wake shuleni, vyote viko Hoover.